Nani Mwenye Mlango wa Nyumba? Khabari ya Televisheni ya Waya na Kompyuta ya Sebuleni

Wazazi wengi hutujia sisi walimu na swali moja: televisheni ndani ya nyumba ina hukumu gani? Mmoja husema itupwe jaani. Mwengine husema zama zimebadilika, tusijitie ukali usiokuwa na maana. Mimi naona swali lenyewe limeshikwa kwa upande usio wake. Kioo ni kioo na waya ni waya. La kuuliza ni hili: ni nani anayeamua kinachoingia ndani ya nyumba, kwa saa gani, na kwa masharti ya nani? Katika Suratun Nur Mwenyezi Mungu ametufunza tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tumeomba ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, basi turudi. Maana yake nyumba ina mwenyewe, na huyo mwenyewe ana haki ya kusema karibu na haki ya kusema hapana. Tena iko hadithi mashuhuri ya mchunga, ambayo imempa mwanamume uangalizi wa watu wake, na imempa mwanamke uangalizi wa nyumba na watoto. Yeye mwanamke ametajwa kwa jina la kazi yake, jambo ambalo wanaume wengi hulipita haraka wanapoisoma.

Ili kulijibu swali hilo nataka twende Marekani, kwa sababu televisheni ya waya ilianzia huko, na huko huko watu wa kawaida wakaja wakaukata waya ule na kuweka kompyuta mahali pake. Wengi wa nitakaowataja si Waislamu, wala siwatolei mfano wa ucha Mungu. Lakini mwenye akili hupata mazingatio popote.

Mwaka 1948 katika mji mdogo wa Astoria, jimbo la Oregon, palikuwa na fundi mmoja aitwaye Ed Parsons, ambaye alikuwa na stesheni ya redio pale mjini. Mkewe, Grace, alitamani televisheni. Stesheni iliyokuwa karibu nao ilikuwa ndiyo kwanza inafunguliwa Seattle mwezi wa Novemba mwaka huo, umbali wa yapata kilomita 200, na baina yake na Astoria kuna milima na misitu. Parsons akazunguka na chombo chake akitafuta mahali ambapo mawimbi ya Seattle yanafika. Akayapata juu ya paa la hoteli ya John Jacob Astor, iliyokuwa ng'ambo ya barabara mkabala na kwake. Akasimamisha antena juu ya paa lile, akavuta waya mpaka nyumbani, na bibi akapata televisheni yake.

Sasa tazama kilichofuata. Khabari zilienea mjini, na watu wakaanza kuja. Wakaja majirani, wakaja marafiki wa majirani, wakaja na watu wasiojulikana kabisa, jioni baada ya jioni, mpaka mume na mke wakakosa pa kukaa katika nyumba yao wenyewe. Hapana hata mmoja aliyekuja kwa nia mbaya. Parsons akaona hana dawa ila kuwapelekea watu picha huko huko waliko. Akashusha waya hadi ukumbi wa hoteli, kisha dirisha la duka, kisha nyumba za wenziwe. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa televisheni ya waya katika mji ule: mtu alikuwa akitafuta namna ya kuufunga mlango wake. Kila nikiifikiri khabari hii nacheka kidogo, kisha nanyamaza.

Upande wa mashariki, katika mabonde ya migodi ya makaa ya mawe ya Pennsylvania, mambo yalikwenda kwa njia nyengine. Huko husimuliwa khabari ya John Walson wa mji wa Mahanoy City, mwenye duka la vyombo vya umeme, ambaye hakuweza kuuza televisheni kwa kuwa mlima uliuzuia mji na stesheni za Philadelphia. Akapeleka antena juu ya mlima na kuuteremsha waya mpaka dukani. Mwaka 1950, katika mji wa Lansford, Robert Tarlton na wafanyabiashara wenziwe wakaunda kampuni kwa kazi hiyo hiyo. Na sababu nyengine iliyowasukuma ni kwamba serikali ilisimamisha leseni za stesheni mpya tangu mwaka 1948 mpaka 1952, kwa hiyo miji mingi ilibaki bila ya stesheni na bila ya matumaini. Jina lililotumika zama zile lilikuwa antena ya jumuiya. Antena moja nzuri, mahali pa juu, na watu wa bonde wakashirikiana gharama.

Jambo hili lanikumbusha mifereji ya Oman iitwayo falaj, ambayo wazee wetu wengi wa pwani waliijua kwa macho au kwa masimulizi. Maji hutoka chini ya mlima, hushuka kwa mfereji mpaka mashambani, na kila mwenye haki ana fungu lake la saa. Fungu moja, waitalo athar, ni kiasi cha nusu saa ya maji. Mwenye fungu hulifungua shambani kwake kwa saa yake na akamaliza. Hapana anayemwambia kwamba hapewi maji ya mitende mpaka anunue na maji ya shamba asilokuwa nalo. Nakuomba uushike mfano huu, kwani ndipo hasa mambo yalipokuja kuharibika.

Tarehe 8 Novemba 1972 kampuni iitwayo HBO ilianza kurusha michezo na filamu kwa wateja 365 tu wa mji wa Wilkes-Barre, Pennsylvania, kwa malipo mbali. Mpaka hapo waya ulikuwa ukichukua yaliyomo angani bure na kuyafikisha palipokuwa pagumu kufika. Sasa waya ukawa na bidhaa yake wenyewe. Miaka mitatu baadaye, usiku wa tarehe 30 Septemba 1975 kwa saa za Marekani, HBO ikatumia satelaiti kuwafikishia wateja wake wa Florida na Mississippi pigano la Manila baina ya Muhammad Ali na Joe Frazier. Katika dunia ya Waislamu hapana aliyekuwa hamjui Muhammad Ali, na mwaka ule ule ndio aliouelekea Uislamu wa Sunna baada ya kufa Elijah Muhammad. Watu wengi wanajua habari za ngumi za Manila, lakini ni wachache wajuao kwamba usiku ule ndio uliofungua biashara ya televisheni ya satelaiti na waya kama tuijuavyo. Baada yake zilifuatana: stesheni ya Ted Turner kutoka Atlanta mwaka 1976, ESPN ya michezo mwaka 1979, CNN ya khabari mwaka 1980, MTV ya muziki mwaka 1981.

Mwaka 1984 ikatoka sheria iliyowaachia wenye waya wajipangie bei zao. Malalamiko yakawa mengi hata Bunge la nchi hiyo likarudisha udhibiti mwaka 1992, kisha sheria ya mwaka 1996 ikaufungua tena. Lakini kilichowachosha watu zaidi ni kile tunachokiita sisi siku hizi kifurushi. Mtu ataka khabari na vipindi vya watoto. Ataambiwa huwezi kupata hivyo viwili peke yake. Chukua chaneli 60, au 100, kwa bei moja. Ni kama mtu aliyekwenda sokoni kununua samaki, mwenye duka akamwambia samaki hauzwi mpaka uchukue pamoja naye pakiti ya sigara na chupa ya mvinyo, na ukifika nyumbani usipovitaka vitupe. Sisemi kwamba hii ndiyo ile biashara mbili ndani ya moja iliyokatazwa, maana mafakihi wameieleza kwa namna zao na si pahala pake hapa. Nasema tu kwamba baba wa nyumba alikuwa akilipa kila mwezi kwa kitu ambacho, lau kingemjia mlangoni kwa miguu, asingekiruhusu kiingie.

Hapa pana mambo mawili yaliyochanganyika, nayo ni mali na saa. Tumekwisha kuitaja mali. Ama saa, tangu mwanzo wa televisheni mwenye stesheni ndiye aliyeipanga. Kipindi kikiwa saa mbili usiku, nyumba nzima itakuwa mbele ya kioo saa mbili usiku. Muislamu huifahamu shida hii bila ya kuelezwa, kwani hata kwetu taarifa ya khabari ya saa mbili huja karibu na Isha, na mechi za Ulaya hazijui Maghrib.

Aliyevunja amri hiyo ya saa ni chombo cha kurekodi. Sony ilitoa Betamax mwaka 1975, na mwaka uliofuata kampuni ya Universal pamoja na Disney wakaishitaki, wakidai kwamba mtu anayerekodi kipindi nyumbani kwake anawaibia. Kesi ilikwenda miaka mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo ilitoa hukumu tarehe 17 Januari 1984 kwa kura 5 dhidi ya 4: mtu kurekodi kipindi cha hewani ili akitazame kwa wakati wake ni halali katika sheria yao. Kura moja tu, ndugu yangu! Na miongoni mwa maneno yaliyotajwa katika hukumu ile ni ushahidi wa Fred Rogers, mtu mpole aliyekuwa na kipindi cha watoto kilichopendwa sana nchini mwake. Yeye alisema hana pingamizi familia zirekodi kipindi chake, kwa sababu kufanya hivyo kunawapa wazazi na watoto nafasi ya kukitazama pamoja kwa wakati unaowafaa wao. Mwenye kipindi mwenyewe anasema nyumba iwe na amri juu ya saa yake! Wako wenzetu wenye mimbari ambao hawajayasema maneno mazuri kiasi hicho juu ya watoto.

Kaseti zilikuwa na taabu zake, nazo zilifuatwa mwaka 1999 na masanduku yenye diski ndani, lililo mashuhuri zaidi ni TiVo. Hayo nayapita. Nataka tufike mwaka 2002, maana ndipo kompyuta ya nyumbani ilipoingia sebuleni kwa nguvu. Mwaka huo Microsoft ilitoa toleo la Windows la kutazamia televisheni. Na mwaka huo huo kijana mmoja mtengeneza programu, Isaac Richards, alichoshwa na sanduku alilopewa na kampuni yake ya waya. Alieleza mwenyewe kwamba lilikuwa zito kubadilisha chaneli, limejaa matangazo ya biashara, na orodha yake ya vipindi haifai. Akakaa akaandika programu yake, akaiita MythTV, akaiacha huria: kila mtu aichukue bila ya malipo, aisome ndani yake, aitengeneze. Muda si mwingi watu wengi wakajiunga naye. Kundi jengine lilianza kwa kugeuza chombo cha michezo cha Xbox kiwe cha kutazamia filamu, na programu yao tangu mwaka 2014 inaitwa Kodi.

Kwa faida ya msomaji asiyekuwa fundi, nitaeleza jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, kwani si uchawi. Mtu huchukua kompyuta, hata iliyozeeka kidogo. Huitia kadi ya kunasa matangazo, au hununua kisanduku kidogo cha kazi hiyo cha kuunganishwa na mtandao wa nyumba. Huweka antena darini au juu ya paa, kama alivyofanya Parsons. Kompyuta hupokea matangazo, huyaweka katika diski, na waya mmoja huipeleka picha kwenye televisheni. Nchini Marekani stesheni kubwa zilizima mfumo wa zamani tarehe 12 Juni 2009, na tangu hapo picha inayotoka angani bure ni ya kidijiti na safi sana, ilhali watu wengi walikuwa wamekwisha kusahau kwamba anga lipo na halina ankara. Saa moja ya matangazo hayo huweza kula gigabaiti 8 na zaidi, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 huchukua saa 115 hivi. Programu yaweza hata kuyatambua matangazo ya biashara: hutafuta ile picha nyeusi ya nukta chache baina ya kipindi na tangazo, na hutazama kama alama ya stesheni pembeni mwa kioo imetoweka, kisha huyaruka.

Lakini kompyuta haiwezi kurekodi kipindi kama haijui kipo saa ngapi. Ratiba hizo zilikuwa zikitolewa bure na kampuni moja, nayo ikatangaza kwamba itaacha tarehe 1 Septemba 2007. Mashine zote zile zingebaki vipofu kwa siku moja. Waliozitumia wakaunda shirika lisilotafuta faida, wakaliita Schedules Direct, wakakubaliana kila mmoja atoe ada ndogo ya mwaka, na ratiba zikaendelea kununuliwa kwa pamoja mpaka leo. Tumerudi kwenye antena ya jumuiya ya mwaka 1950. Wale waliotaka kila mtu awe huru peke yake katika nyumba yake walikuja kufahamu kwamba uhuru huo hausimami ila kwa kushirikiana, na kwamba kitu cha bure kilicho mkononi mwa mtu mwengine si chako.

Jambo jengine lililowakuta lanifurahisha kulisimulia. Mafundi wale waliweza kutengeneza mashine za ajabu, zenye rimoti tatu na ibodi juu ya kochi, ambazo hakuna mtu nyumbani aliyeweza kuziwasha isipokuwa fundi mwenyewe. Akisafiri, nyumba nzima iko gizani. Basi wao wenyewe wakawa na mzaha kwamba kipimo cha mashine ni kukubaliwa na mke: je, aweza kuitumia bila ya kumpigia simu mumewe kazini? Wameusema kwa mzaha, lakini mimi nauchukua kwa uzito, na nikaiunganisha na ile hadithi ya mchunga niliyoitaja mwanzo. Kama mama wa nyumba, ambaye ndiye mwenye kukaa na watoto saa nyingi zaidi, hajui kukifungua wala kukifunga chombo kile, basi mlango umetolewa mkononi mwa kampuni ukatiwa mkononi mwa mtu mmoja, ambaye aghlabu hayupo.

Wenye waya na wenye filamu hawakukaa kimya. Tume ya mawasiliano ya nchi ile ilitaka kuanzia Julai 2005 kila chombo cha kunasa televisheni kitii alama fulani itakayokuwa ndani ya matangazo, ambayo mwenye kipindi angeitumia kuzuia kisisambazwe. Mahakama ya rufaa ikaibatilisha amri hiyo mwezi wa Mei 2005, kabla haijaanza. Na chaneli za waya zenyewe zilifungwa kwa ufunguo hata kompyuta ya nyumbani ikawa haizipati ila kwa kadi maalumu na masharti mengi. Ndiyo maana wengi waliona afadhali kuuacha waya kabisa na kubaki na antena.

Ila wengine walichukua njia ya tatu, nayo ni wizi. Hapa nitasema kwa uwazi, kwani hata kwetu mambo haya yapo na watu wema huyafanya bila ya kuhisi kitu. Wafanyabiashara walichukua programu huria kama Kodi, wakaipachika vijiprogramu vya kuvuta filamu na mechi zilizoibwa, wakauza visanduku hivyo madukani. Wenyewe walioitengeneza Kodi walilalamika na kujitenga na biashara hiyo, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilihukumu tarehe 26 Aprili 2017 kwamba kuuza kisanduku cha namna ile ni kuvunja haki ya mwenye kazi. Muislamu asiseme kwamba hiyo ni sheria ya makafiri. Baraza la Fikihi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha tano huko Kuwait, Desemba 1988, liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazohifadhiwa na Sharia, wenyewe wana mamlaka nazo, na haijuzu kuzivamia. Uamuzi huo ulitoka kabla hizo programu hazijaandikwa. Mtu ameukata waya kwa kuwa hataki kitu cha haramu kiingie nyumbani kwake, kisha akaingiza filamu ya kuibwa, na pengine ni darsa la dini lililonakiliwa bila ya idhini. Huyo amebadilisha dirisha tu.

Wakati mafundi wakishughulika na antena zao, mto mwengine ulikuwa unajaa. YouTube ilianzishwa mwaka 2005. Netflix, iliyokuwa ikipeleka filamu kwa posta, ilianza mwaka 2007 kuzipitisha kwenye intaneti. Mwezi wa Julai 2022, kwa mujibu wa hesabu za kampuni ya Nielsen, Wamarekani walitazama intaneti kuliko televisheni ya waya kwa mara ya kwanza, na Mei 2025 intaneti ikayashinda matangazo ya hewani na ya waya yakijumlishwa pamoja. Kwa hesabu hiyo waya umeshindwa. Lakini aliyeshinda ni nani? Novemba 2022 Netflix yenyewe ilianza kuuza fungu lenye matangazo ya biashara. Nyumba iliyokata waya wa dola nyingi sasa yalipa huduma nne au tano mbali mbali, na kampuni zimeanza tena kuzifunga pamoja katika kifurushi. Microsoft nayo iliiacha ile programu yake ya televisheni katika Windows 10 mwaka 2015, na walioitegemea wakaachwa njiani.

Na liko jambo zito zaidi ya bei. Waya ulikuwa na chaneli 100, na baba aliweza kuzihesabu. Intaneti haina idadi. Tena waya ulingoja mtu abonyeze, ama hizi huduma mpya kipindi kikimalizika hukiwasha chenyewe kinachofuata, na kinachofuata kimechaguliwa na hesabu za kampuni kwa kuangalia mtoto alitua jicho wapi jana. Kwa hivyo wanaosema kwamba kompyuta imekuja kuikomboa nyumba na televisheni wamesema nusu ya maneno. Kompyuta iliyonunuliwa, ikawekwa sebuleni, ikaunganishwa na intaneti na kuachwa, ni mlango usiokuwa na ubao. Kompyuta ya wale mafundi wa mwaka 2002 ilikuwa kitu chengine: haikuonyesha ila kile ambacho mtu wa nyumba ile alikitaka kwa jina lake, akakipangia kirekodiwe. Chombo ni kile kile. Tofauti ni kazi aliyoifanya mwenye nyumba kabla ya kukaa kwenye kochi, na kazi hiyo wengi wetu hatuitaki. Twataka mtu mwengine atuchagulie, kisha tumlaumu.

Kwetu sisi historia hii imekuja kwa haraka. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, ilhali Bara ilingoja mpaka 1994. Desemba 31, 2012 mitambo ya zamani ilianza kuzimwa Dar es Salaam, na king'amuzi kikawa kitu cha lazima kama sufuria. Miaka kumi tu baadaye mtoto ana dunia nzima ndani ya simu ya mamake. Wenzetu walipata zaidi ya miaka 50 ya kuzozana, kushitakiana na kujifunza baina ya antena ya Astoria na huduma za intaneti. Sisi wengi wetu tumevirukia vyote hivyo kwa mruko mmoja.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni fundi umeme na baba wa watoto wanne, ameisimamisha mashine ya namna hii nyumbani kwake kwa kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi. Ameiwekea antena ya stesheni za bure, diski ya terabaiti 1, na kisomo cha Qur'ani alichokinunua. Intaneti haikuunganishwa nayo. Rimoti ni moja, na mkewe ndiye mwenye nambari ya siri. Siku ya Alkhamisi baada ya Isha hukaa wote na kuchagua vya kurekodi wiki ijayo, na kwa kuwa diski hujaa, kila kinachoingia lazima kitolewe chengine. Hapo ndipo ugomvi unapokuwa mkubwa, asema, na mara nyingi yeye hushindwa kura. Wiki iliyopita walifuta mechi zake mbili wakabakisha kipindi cha nyangumi.